Sindano Kwangu, Sahani Kwake

Sina haya ya kusema: mume wangu Uweso alikuwa akija kwangu kila jioni kwa ajili ya sindano. Si kwa ajili yangu, hasha. Anaingia, anavua kofia, anapandisha shati, namchoma insulini yake tumboni, anakaa kidogo kupumzisha miguu, kisha huyo, anapanda bodaboda kwenda Pongwe kula chakula cha mke mdogo. Watu wananiambia, Asmahani, una moyo. Moyo gani? Mimi nina hasira tu, na sijapata pa kuzipeleka.

Zamani tulikuwa na zamu kama watu wa dini, siku mbili kwangu hapa Nguvumali, siku mbili kwa Sabiha. Sabiha alipojifungua, Uweso alinijia na ule upole wake wa kutaka kitu, akaniomba nimwachie mwenzangu zamu zangu mpaka mtoto apate nguvu. Mtoto mchanga, mama mwenyewe bado binti, ningesemaje? Nikazitoa kwa mdomo wangu. Mtoto akakaa, akatambaa, akasimama dede, sasa anakimbiza kuku, na zamu zangu hazijarudi. Kuziomba siwezi. Mwanamke aombe usiku wake kama anayeomba chumvi kwa jirani? Abadani.

Kilichobaki kwangu kilikuwa ni ugonjwa wake.

Sukari ilimwanza baada ya kumwoa Sabiha. Akapewa vidonge vya asubuhi, na mwenzangu akaambiwa ni vya presha. Presha ni ugonjwa wa heshima, mtu anautaja hata mbele ya wakwe. Lakini baadaye hospitali wakasema vidonge peke yake havitoshi, aongeze sindano moja kila jioni, na hapo ndipo mwanamume alipoingiwa na kiwewe. Kuna maneno mtaani, nanyi mnayajua, kwamba sukari inammaliza mwanamume. Akanijia hapa, akakaa kwenye kiti cha cherehani yangu, akasema, "Asmahani, yule binti akijua nachomwa sindano, atasema kaolewa na gofu."

"Na mimi je? Mimi gofu nilipewa bure?"

"Wewe ni wewe bwana. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe ndiye mwosha wangu."

Nilikasirika kuitwa mwosha. Lakini lile neno "wangu" ndilo lililoniponza. Nikamwapia kwamba siri yake haitatoka kinywani mwangu, na chupa za insulini zikakaa kwenye friji langu, nyuma ya mtungi wa maji, asizione mgeni.

Nesi aliyetufundisha ni Lea, dada mmoja wa Kishambaa, mkali kama mimi. Alitukalisha wote wawili. Sindano, nusu saa, sahani. Ndivyo alivyosema, huku akigonga meza kwa kila neno. Akila, atembee kidogo, sukari ipate pa kwenda. Siku aliyofanya kazi ya kutoa jasho, ale zaidi au dawa ipungue, maana kazi nayo inashusha sukari. Na cha kuogopa kuliko vyote ni dawa kuwa mwilini na tumbo tupu. "Hapo mama," akanitazama mimi, "mtu anaweza kupotea mnamwona." Uweso akaitikia kama mwanafunzi mwema. Kisha akaenda kufanya alivyotaka: sindano kwangu, sahani kwake.

Nilimwambia achomwe kule kule anakokula. Hataki, Sabiha atajua. Nilimwambia basi ale kwangu. Hataki vilevile.

Nilikuwa napika makusudi, wala sikatai. Namtayarishia samaki wa kupaka, nazi nzito, nakiacha chungu wazi ukumbi mzima ujae harufu. Yeye pua inamcheza.

"Hicho nini?"

"Inauliza pua au tumbo?"

"Nauliza tu."

"Kaa ule, Uweso."

"Si jioni yako, Asmahani. Nikifika kule nimeshiba, ataniuliza nimekula wapi, nitasema nini? Nitakuwa nimemdhulumu."

Mtu huyo! Mimi kunidhulumu mwaka na zaidi si dhuluma, ila tonge moja la wali ndilo litakalompeleka motoni. Namrushia kofia yake, anacheka, nami nacheka. Hapo ndipo wakati wangu unapokwisha. Nasema wazi, sina wa kumficha: robo saa ile ndiyo ndoa yote iliyokuwa imenibakia. Kila nikiwaza kumwambia Sabiha ukweli ili sindano na sahani vikae nyumba moja, nilijua robo saa ile itakwenda nayo. Basi nikawa namwomba Mungu tu njia ya Pongwe iwe nyeupe.

Siku ya mkasa alikuja ametota jasho. Anauza vipuri vya pikipiki karibu na hapa, si kazi ya kumtoa mtu jasho namna ile. Ameshika mfuko una kanzu iliyopigwa pasi.

"Kanzu ya nini?"

"Kuna kisomo msikitini."

"Na jasho?"

"Jua, Asmahani. Nichome niende."

Nikampima kidole. Kimashine kikatoa namba ya chini kuliko kawaida yake ya jioni. Nikamwambia leo nakupunguzia dawa, akasema punguza, lakini fanya haraka, nikifika tu nakula, wallahi nakula. Nikampunguzia. Nikamsukumia tende, akachukua moja, akatoka akiitafuna. Hata kukaa hakukaa siku hiyo, na mimi nikanuna kwa hilo, maana ndicho nilichokuwa nimekingoja tangu asubuhi.

Haukupita muda, bajaji ikasimama mlangoni, akashuka Nasra. Nasra ni jirani yangu, mpishi wa shughuli. Hapa mjini hakuna harusi wala msiba ambao pilau yake hakuigusa.

"Asmahani, niazime masinia yako makubwa. Yangu hayatoshi."

"Yanakwenda wapi?"

Akababaika. Nasra hajawahi kubabaika.

"Pongwe. Usininunie, shoga yangu. Kwa mwenzio leo kuna hitima ya marehemu baba yake. Mimi nilidhani umealikwa."

"Uweso yuko?"

"Atakosaje, ndiye mwenye shughuli! Tangu adhuhuri anabeba mabenchi na kufunga turubai kama kuli. Katoka mara moja tu, kasema anafuata kanzu kwa fundi."

Nikamuuliza watu watakula saa ngapi.

"Hebu subiri, wewe unaulizia chakula? Watasoma, ipigwe dua, waswali isha, ndio pilau ishuke. Na Shekhe Ayubu dua yake unaijua, anawataja maiti wa Tanga nzima."

Mwenye shughuli hali kabla ya wageni. Hilo nani asiyelijua? Ataketi kichwani pa mkeka, atakaribisha watu, atasimamia masinia, na mkono wake utakuwa wa mwisho kugusa wali. Kashinda akibeba mabenchi, dawa iko mwilini, na tumboni mna tende moja tu. Yarabi!

Sikuvaa hata baibui. Nilitupia kanga juu ya dera la nyumbani, nikaingia kwenye bajaji pamoja na masinia, Nasra nyuma akiniuliza kuna nini, kuna nini. Nikampigia Uweso. Simu ikaita mpaka ikachoka. Tena. Tena. Basi nikampigia Sabiha, namba niliyokuwa nayo siku zote na sikuwahi kuibonyeza.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," akasema. Sauti ya adabu na mashaka.

"Marahaba. Sabiha, mwanangu, nisikilize. Mpe Uweso chakula sasa hivi. Mpe na kitu chenye sukari, juisi, chai, chochote. Sasa hivi."

"Wageni wanasoma, Bi Mkubwa. Mwenye nyumba ale kwanza? Si nitachekwa?"

"Acha uchekwe!"

"Kama umeudhika hukualikwa, mimi nilimwambia akualike. Akasema hutaki kuja."

Loo, hata hilo. Lakini halikuwa na nafasi. Nikafumba macho pale kwenye bajaji, nikavunja kiapo changu. "Sabiha, mumeo ana sukari. Kila jioni anakuja kwangu namchoma sindano. Leo nimemchoma na asipokula ataanguka."

Akasema polepole, kama anayemjibu mwendawazimu, "Mume wangu mzima wa afya. Ana presha kidogo tu. Wivu mbaya, Bi Mkubwa." Akakata.

Nilimtukana dereva wa bajaji, maskini, tusi ambalo halikuwa lake. Akakanyaga.

Tulipofika, sauti za kisomo zilikuwa zimetanda, wanaume wamejaa chini ya turubai, juzuu mikononi. Wanawake wako nyuma jikoni. Njia ya heshima ilikuwa kuzunguka uani. Mimi nilipita katikati yao, na dera langu, na kichwa nusu wazi. Wengine waliinamisha macho, wengine wakaguna. Shekhe Ayubu akanyamaza.

Uweso alikuwa ameketi ubavuni pa Shekhe, kanzu imemganda kifuani kwa jasho. Midomo inacheza, lakini si aya anayosoma. Macho yako wazi na hayaoni mtu. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Mwache, binti, Kurani imemwingia, anamlilia mkwewe." Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika uso, wa baridi.

"Uweso. Mimi Asmahani. Kunywa."

Nasra, Mungu ambariki, alikuwa ameshanyakua bilauri ya juisi ya ukwaju ya wageni na kunikabidhi. Nikampelekea mdomoni. Akaipiga kofi, ikamwagika yote kifuani kwangu.

"Nani huyu?" akasema, ulimi mzito. "Nani kamleta huyu mwanamke?"

"Mimi Asmahani, mkeo."

"Simjui. Mtoeni."

Najua ilikuwa sukari. Lea alituambia kwamba ikishuka mtu huwa hajijui, hugomba, husema ovyo. Nilijua na bado nilikatika maini. Watu wote wale wakisikia, mwanamume niliyeolewa naye angali hana hata duka, ananitazama usoni na kusema simjui, mtoeni. Mkono mmoja ulinishika bega kunivuta. Mama mmoja akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba Uweso ana pepo, leteni ubani.

Ndipo Sabiha akatoka jikoni na mwiko mkononi, kaja kunifukuza. Alipomwona mumewe, mwiko ukamdondoka.

"Sabiha," Uweso akasema. Hapo hapo, wazi kabisa. "Njoo. Sabiha, njoo."

Mimi hanijui. Yeye anamjua.

Sikuwa na wakati wa kulia. Nikachukua bilauri ya pili, nikamtia Sabiha mkononi, nikavikunja vidole vyake juu ya bilauri kwa nguvu. "Mpe wewe. Kidogo kidogo, asipaliwe. Mpe, mwanangu, kwako atakunywa."

Akampa. Bilauri inagonga meno. Naye akanywa, akimtazama, akanywa kama mtoto. Nikamwambia ongeza nyingine, akaongeza. Mimi nilikaa pale mkekani, kifua kimelowa ukwaju, nikawa nafurahi anavyokunywa na naumia anavyokunywa, na sijui lipi lilikuwa kubwa.

Taratibu rangi ikamrudi. Shekhe Ayubu hakutaka maneno mengi. Akasema hitima si sababu ya kuua mtu, leteni sahani. Uweso akala mbele ya wageni wake, peke yake, watu wote wanamwangalia. Alipomaliza macho yakanijia. Sasa alinijua.

"Asmahani," akasema kwa sauti ya chini, "umeniaibisha."

Nilikuwa na jibu. Mie hukosa jibu? Lakini Sabiha alinitangulia. Alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka, na wala hakujali wanaume waliojaa. "Aibu ipi? Kwa hiyo ni kweli? Maradhi yako ulimpa yeye, mimi ukanipa nini? Mimi ni mgeni wako? Ungenifia hapa nikidhani unasoma!" Akaingia ndani kwa kishindo. Nilimtazama yule binti kwa mara ya kwanza bila chuki. Kumbe na yeye alikuwa na wivu, wivu wa sindano.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu, mtoto mgongoni, na kikapu cha plastiki chenye barafu. Hakuzunguka.

"Bi Mkubwa, nisamehe kwa maneno ya jana. Nimekuja unifundishe."

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Ningeweza kusema, usijisumbue mwanangu, mwache aendelee kuja kwangu, ila tutampa chakula huku huku. Angekubali, alikuwa na hofu ya sindano mpaka kope zinacheza. Neno moja tu na robo saa yangu ingekuwa nusu saa, hata saa nzima. Nililitafuna neno lile. Lakini usiku kucha nilikuwa nimeuona uso wa Uweso ulivyokuwa baridi, na mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa anakula na kulala Pongwe. Sindano ikae penye sahani. Sikuwa na namna.

Nikachukua chungwa la Muheza, nikaliweka mezani, nikamwambia hili ni tumbo la mumeo, chagua pa kuchoma. Tukacheka wote wawili, Mungu anisamehe. Nikamwonyesha kuiviringisha chupa viganjani bila kuitikisa, kuvuta dawa bila mapovu, kubadili mahali kila siku. Nikamwambia: pima kwanza, chakula kiwe tayari jikoni ndipo uchome, asitoke nyumbani mpaka ale. Akishakula mtoe akatembee, atanung'unika miguu inauma, usimsikilize. Anapenda kudanganya kuhusu jasho. Tumbo upande wa kushoto ana msisimko, ukimgusa anacheka, ngoja amalize kucheka ndipo uchome. Hilo la mwisho sijui kwa nini nililisema. Sabiha akainama, akalichoma chungwa.

Akazipanga chupa kwenye barafu, akanibusu mkono, akaenda. Nilifungua friji nikasimama mbele yake mpaka likaanza kunguruma.

Siku za mwanzo alinipigia jioni. Namba imekuwa hivi, nimpunguzie? Leo kaosha baiskeli ya mtoto na kubeba maji, nimwongezee wali? Nikawa namjibu, na nyuma yake namsikia Uweso akilalamika kwamba anachomwa kama mshikaki. Baadaye akazoea. Simu zikawa za Ijumaa kwa Ijumaa, kisha za kusalimu tu. Uweso mwenyewe hakuja, haya zilimshika. Nami nikaacha kupika jioni. Mtu mmoja anampikia nani? Nikawa nashona mpaka macho yaume, nanywa chai, nalala.

Halafu juzi, jua limelegea, nikasikia hodi. Hodi ile naijua hata ningekuwa kaburini.

Alikuwa amekonda kidogo, uso una nuru, amependeza. Alisimama kizingitini akiizungusha kofia mikononi.

"Nilikuwa napita kuelekea kwenye bodaboda. Nikaona mlango uko wazi."

"Uko wazi kila siku."

"Asmahani." Akavuka kizingiti. "Nina neno, limenikaa hapa. Siku ile kule Pongwe, wananiambia nilisema... wananiambia nilikutazama nikasema sikujui. Hebu nikae, nikueleze."

Sindano ya cherehani ilisimama. Miezi yote ile sikuwa nikingoja kitu kingine chochote duniani. Nikainuka nikamsogezea kiti. Alipokuwa anakaa nikaona akijishika tumboni, chini ya shati, anavyopafikicha kila akishachomwa.

"Umeshachoma?"

"Nimejichoma mwenyewe, dukani, sasa hivi, kwa dawa niliyotoka nayo nyumbani. Sabiha kanifundisha! Leo nilisema nichome kabisa, nikifika nikute sahani."

"Hukuambiwa usichome mpaka uwe penye chakula?"

"Nilidhani naunganisha moja kwa moja. Nikaona mlango wako." Akatazama kule jikoni, kwa aibu, kama mvulana. "Kwani hapa hamna chochote? Tule huku tunaongea. Leo sijali ni jioni ya nani."

Nami nikatazama. Jiko la baridi, vyungu vimefudikizwa, hata kipande cha mkate hakuna. Siku aliyotaka kula kwangu.

"Hapa hakuna chakula," nikasema. Sijapata kumwambia mtu maneno hayo nyumbani kwangu, sembuse mume.

"Basi neno moja tu, Asmahani. Dakika mbili."

"Simama."

"Niache niseme—"

"Simama, Uweso! Dawa haikungoji. Nenda ukale!"

Nilimshika mabega nikamtoa mpaka barazani, nikamwitia bodaboda mwenyewe, nikampandisha, naye kichwa kimenigeukia mpaka wakapinda kona. Kisha nikampigia Sabiha, nikamwambia mumeo yuko njiani, ameshachoma, pakua.